Kufuli, Cheti na Neno "Salama": Uhakiki wa Lugha ya Vivinjari kama Isomwavyo Mbinga na Pwani ya Ziwa Nyasa

Maneno ambayo kivinjari cha intaneti humwandikia mtumiaji juu ya usalama wa tovuti ni machache mno: "Si salama", "Muunganisho wako si wa faragha", na neno "cheti" likifuatwa na jina na tarehe. Ni machache, lakini yamkini ni haba maandishi mengine ya Kiswahili cha siku hizi yasomwayo na watu wa namna nyingi hivyo, tena katika saa ya shaka. Mtu hayasomi kwa kujifurahisha. Huyasoma akiwa amekwama, ametaka ukurasa fulani na ukurasa haukufunguka. Hata hivyo hayahesabiwi sana kuwa ni maandishi yafaayo kuhakikiwa, kwa sababu hayana mtungaji anayejulikana, na kwa sababu hudhaniwa kuwa ni mambo ya mafundi. Hapa yanachukuliwa kama maandishi mengine yoyote, na kupimwa kwa masikio ya msomaji maalumu: mkazi wa wilaya za Mbinga na Nyasa, katika mkoa wa Ruvuma.

Msomaji huyo amechaguliwa kwa makusudi. Kiswahili chake ni kizuri, lakini mara nyingi si lugha ya kwanza aliyoisikia. Nyumbani alizungumza Kimatengo katika milima ya kahawa, au Kinyasa, Kimpoto ama Kimanda kule ziwani, toka Lituhi mpaka Liuli na Mbamba Bay. Kiswahili alikipata shuleni, kanisani, sokoni na ofisini. Kwa hiyo maneno kama "cheti" na "salama" yamemfikia yakiwa na alama ya mahali yalikotoka, naye huyasoma kwa alama hiyo. Mfasiri aliyekaa mbali akitafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la Kiingereza hana habari na jambo hili, wala kazi yake haikumtaka awe nayo.

Yafaa kwanza kueleza ni jambo gani hasa linalotangazwa. Tovuti ambayo anwani yake huanza kwa herufi "https" hukikabidhi kivinjari cheti. Cheti hicho kina jina la anwani, ufunguo wa hadharani wa tovuti, jina la aliyekitoa, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na sahihi ya kidijiti ya mtoaji. Kivinjari hulinganisha jina lililo katika cheti na anwani iliyoandikwa. Hutazama kama mtoaji ana asili katika orodha ya watoaji wanaoaminiwa, ambayo kivinjari hicho kinayo tangu kilipotengenezwa. Kisha hutazama tarehe. Mambo hayo yakipatana, mazungumzo baina ya simu na tovuti hufichwa kwa maandishi ya siri, hata mtu akiyadaka njiani asiweze kuyasoma. Hapo ndipo kazi inapokoma. Kivinjari hakijui kama mwenye tovuti ni mwaminifu, kama bidhaa anazotangaza anazo, wala kama fedha atakazopokea atazitumia alivyoahidi. Ushuhuda wake ni juu ya jina na juu ya njia, basi.

Sasa, je, lugha ya kivinjari humwambia msomaji wa Mbinga jambo hilo, au humwambia jingine?

Alama zilitangulia maneno. Katika miaka ya 1990 kivinjari cha Netscape kilionyesha picha ya ufunguo pembeni mwa dirisha. Ufunguo mzima maana yake mazungumzo yamefichwa, ufunguo uliovunjika maana yake hayakufichwa. Baadaye kufuli likashika mahali pa ufunguo, likaenea katika vivinjari vyote, na kwa muda mrefu likapakwa rangi ya kijani. Mafundi wa Ulaya na Marekani waliliona kufuli kuwa picha isiyohitaji tafsiri, kwa kuwa kufuli ni kufuli popote. Walakini katika mji wa Mbinga, kama katika miji mingine ya nchi, kufuli linaloning'inia nje ya mlango lasema kwamba mwenyeji hayupo. Duka lenye kufuli halina muuzaji, na mteja hurudi alikotoka. Mwenye nyumba akiwa ndani hutia komeo, na komeo halionekani barabarani. Picha hiyo basi, ikisomwa kwa macho ya mahali, haisemi "ingia bila hofu". Yaweza kusema "pamefungwa", au isiseme neno lolote. Ufunguo wa Netscape ulikuwa na maana bora kwa Kiswahili, kwa sababu mwenye ufunguo ni mwenye haki, na kukabidhiwa ufunguo ni kuaminiwa. Lakini ufunguo uliondoka kabla ya vivinjari kuanza kusema Kiswahili.

Wala si watu wa Ruvuma peke yao waliosoma kufuli kwa namna isiyokusudiwa. Mwaka 2021 watafiti wa Google waliwauliza watu maana ya alama hiyo, na asilimia 11 tu ya waliohojiwa wakatoa jibu sahihi. Wengi walidhani kufuli lashuhudia kwamba tovuti yenyewe ni ya kuaminika. Septemba 2023, katika toleo la 117 la Chrome, kufuli likaondolewa kwenye upau wa anwani, mahali pake pakatiwa alama ya vijiti viwili vyenye vitufe vya kurekebishia. Alama mpya haidanganyi, na hiyo ni sifa yake. Lakini pia haishuhudii kitu. Kwa mtu asiyepata kuona mtambo wa kurekebisha sauti, hiyo ni michirizi tu.

Baada ya alama lafuata neno, na neno kuu ni "salama". Hakuna neno la Kiswahili lililotumika zaidi katika kuamkiana. Mtu akiulizwa habari za nyumbani hujibu "salama", hata kama nyumbani kuna mgonjwa, hata kama mvua imeharibu miche. Kisha baada ya kitambo huongeza "ila", na baada ya "ila" ndipo habari zenyewe huanza. "Salama" katika amkio ni mlango wa mazungumzo, nayo haitolewi kama taarifa ya uchunguzi. Kwa hiyo kivinjari kikimwambia Mswahili kwamba tovuti ni salama, kimesema neno jepesi kuliko kilivyodhani. Msikilizaji mzoefu bado angojea "ila", na "ila" haiji.

Kinyume chake ni kizito kupita kiasi. Katika kuamkiana hakuna ajibuye "si salama". Maneno hayo huwekwa kwa ajili ya vita, maradhi ya kuambukiza, daraja lililooza, au ziwa lililochafuka. Mvuvi wa Liuli akisema ziwa si salama, mtumbwi hautoki. Tangu Julai 2018 Chrome huandika "Si salama" juu ya kila tovuti isiyotumia njia iliyofichwa, hata ukurasa wenye ratiba ya meli tu au historia ya parokia, ambapo msomaji hatoi siri yoyote. Ni kweli kwamba hata huko mtu wa njiani aweza kuona kinachosomwa au kubadili maneno ya ukurasa, na ni haki kumwonya msomaji. Lakini onyo la kuzuia mtumbwi limetumika kwa jambo ambalo mara nyingi lahitaji tahadhari ya kawaida. Msomaji akipita mara tatu asidhurike, neno humpotezea uzito. Na neno lililopoteza uzito kwenye ratiba ya meli halitamfaa siku atakapotakiwa kuandika namba ya siri ya benki.

Kuna na kasoro ya sarufi. "Si salama" haina kiima. Kiingereza kina desturi ya kuandika matangazo yasiyo na kiima na msomaji wake amezoea. Kiswahili hutegemea upatanisho, na kiambishi ndicho kimwambiacho msikilizaji ni kitu gani kinachosemwa. Kwa kuwa "si" haibadiliki kwa ngeli, msomaji hana njia ya kujua kama lisilo salama ni tovuti, ni njia, ni simu yake, au ni yeye mwenyewe. Kivinjari chakusudia njia. Kama kingesema "njia hii haina ulinzi", au "maneno yaweza kusomwa njiani", ngeli ingefanya kazi yake, na urefu wa maneno usingezidi sana. Mwenye kutetea tafsiri ya sasa atasema kwamba nafasi katika upau wa anwani ni ndogo. Ni ndogo kweli; lakini ufupi ulionunuliwa kwa kupoteza kiima ni ghali.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba neno "salama" lachanganya mambo mawili ambayo kivinjari chenyewe hukitenga kimoja na kingine: kumjua mtu ni nani, na kujua nia yake. Pwani ya Ziwa Nyasa ina kisa cha kale kielezacho tofauti hiyo vizuri kuliko vitabu vya mafundi. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliyoongozwa na Kapteni Rhoades, ilifika Sphinxhafen, ambayo leo ni Liuli, ikaipiga kwa mzinga meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza Ulaya. Alimjua Rhoades, walikuwa marafiki wa ziwa moja, naye alitoka kwa mashua kwenda kumwuliza ana wazimu gani, akatekwa. Katika asubuhi ile hapakuwa na shaka juu ya utambulisho. Meli ilikuwa ndiyo, bendera ilikuwa ndiyo, na aliyeshika usukani alikuwa ndiye. Lau kungekuwa na kivinjari pale ufukoni, kingeonyesha kufuli la kijani bila kusita, na kisingekuwa kimekosea hata kidogo katika kazi yake.

Mfano wa amani upo milimani. Mkulima wa kahawa wa Mbinga apelekapo mazao katika chama cha ushirika cha msingi, hupimiwa kwa mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo na kutiwa alama ya ukaguzi. Alama hiyo yashuhudia kwamba kilo ni kilo. Haishuhudii bei, wala siku ya malipo, wala tabia ya mnunuzi. Wakulima wanaelewa hivyo bila kufundishwa, kwa sababu wameijua biashara ya magoma, ambayo mwenye fedha humkopesha mkulima wakati wa shida na kujitwalia kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga vita biashara hiyo miaka na miaka. Kahawa ya magoma yaweza kupimwa kwa mizani halali kabisa, na mkulima akaondoka ameporwa. Hakuna mtu Mbinga amwambiaye mwenziwe "mnunuzi huyu ni salama, mizani yake ina alama". Kumbe ufahamu unaotakiwa upo tayari vichwani mwa watu. Lugha ya kivinjari ndiyo isiyougusa.

Hoja hii si ya kubuni hatari. Zamani cheti kilinunuliwa kwa fedha, na gharama ile ilikuwa kizuizi kidogo kwa matapeli. Mwishoni mwa 2015 huduma ya Let's Encrypt, inayoendeshwa na shirika lisilo la faida la Marekani, ilianza kutoa vyeti bure kwa yeyote awezaye kuthibitisha kwamba ndiye anayeitawala anwani fulani. Huo ulikuwa wema mkubwa: tovuti za shule, zahanati na vyama vidogo, ambazo zisingeweza kulipa, zikapata njia iliyofichwa. Lakini tapeli naye huitawala anwani aliyoisajili mwenyewe, na cheti hupewa kwa haki. Kufikia 2020 zaidi ya nusu ya tovuti za hadaa zilikuwa na kufuli. Mwanafunzi wa Mbamba Bay atafutaye matokeo ya mtihani au maombi ya mkopo wa masomo aweza kufikishwa kwenye anwani inayofanana na ile ya taasisi husika kwa herufi zote ila moja, na kivinjari hakitamwonya kwa habari ya cheti, maana cheti kiko sawa. Linaloweza kumwokoa ni kusoma anwani yenyewe, na kujua kwamba anwani zinazoishia kwa "go.tz" zimetengwa kwa taasisi za serikali ya Tanzania. Kivinjari hakimwambii asome anwani, na kwa miaka mingi kilimfundisha atazame kufuli.

Sasa "cheti". Hili ni neno lenye historia, na historia yake ingeweza kumsaidia mfasiri. Asili yake ni Kihindi, na maana yake ya zamani ni karatasi fupi yenye maneno machache: barua ndogo, hati ya ruhusa, pasi ya njiani. Mjumbe alipewa cheti ili apokelewe na yule anayepelekewa mzigo. Kilisema anatoka kwa nani na amebeba nini. Hakikusema kwamba mjumbe ni mtu mwema. Nyanda za kusini zilijua na ndugu yake, "kipande", kadi ya vibarua waliotoka Songea na wilaya za jirani kwenda mashamba ya mkonge, ambayo ndani yake kila siku ya kazi ilitiwa alama mpaka zikatimia 30. Kwa maana hizo za kale, neno "cheti" lastahili sana kuitwa jina la kile kivinjari kinachokipokea: karatasi iliyobebwa na mjumbe, yenye jina, mtoaji, sahihi na tarehe.

Lakini maana imehama. Kwa msomaji wa leo, cheti ni cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha ndoa, na zaidi ya vyote cha kidato cha nne. Cheti cha shule hakibebwi na mjumbe; ni sehemu ya mtu, ni ushahidi wa thamani yake, nacho hufungiwa sandukuni. Uzito wa neno hili uliongezeka mno tarehe 28 Aprili 2017, pale Rais Magufuli alipopokea Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 wakaonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Tangu siku hizo "cheti" na "feki" ni maneno yaliyooana katika mazungumzo ya watu. Msomaji aambiwapo kwamba cheti cha tovuti si halali, hilo ndilo jambo linalomjia: mwenye tovuti ni mwongo aliyeghushi. Na aambiwapo kwamba cheti ni halali, huelewa kwamba mwenye tovuti amesoma, amefaulu, amehakikiwa. Yote mawili ni makosa. Mara nyingi cheti hukataliwa kwa sababu tu tarehe yake imepita na mtunza tovuti alisahau kukifanya upya; na cheti kinachokubaliwa hakikumpima mwenyewe kwa lolote ila kuitawala anwani.

Palikuwa na jaribio la kukifanya cheti kiseme zaidi. Toka mwaka 2007 vilitolewa vyeti vya uhakiki wa ziada, ambavyo mtoaji alipaswa kuthibitisha kuwako kwa kampuni kisheria, na vivinjari vikaandika jina la kampuni kwa kijani karibu na anwani. Mwaka 2017 mtafiti mmoja wa Marekani, Ian Carroll, alisajili katika jimbo la Kentucky kampuni iitwayo Stripe, Inc, jina lile lile la kampuni maarufu ya malipo iliyosajiliwa jimbo jingine, akapewa cheti cha uhakiki wa ziada kwa haki kabisa. Majina ya kampuni, kama majina ya watu, hayana mmoja peke yake. Mwaka 2019 Chrome na Firefox zikaliondoa jina hilo la kijani. Kwa Kiswahili jaribio lile halikuacha athari, na huenda ni heri.

Neno jingine lenye kuhadaa ni "mamlaka", ambalo hutumika kwa kawaida kumtafsiri mtoa vyeti. Katika Tanzania mamlaka ni chombo cha serikali: ya mapato, ya maji, ya usafiri wa anga. Msomaji akisikia cheti kilichotolewa na mamlaka, huona nyuma yake muhuri wa Jamhuri. Kumbe watoaji walio katika orodha ya kivinjari wengi ni makampuni ya biashara ya nchi mbalimbali, na baadhi ni mashirika ya hisani. Tofauti yao na Baraza la Mitihani ni kubwa. Baraza ni moja, nalo latoa vyeti vya mitihani yake lenyewe. Watoa vyeti vya tovuti ni wengi, na kila mmoja kwa kawaida aweza kutoa cheti kwa anwani yoyote duniani. Mlango mmoja ukivunjwa, nyumba yote imeingiliwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2011, wavunjaji walipoingia katika mitambo ya DigiNotar ya Uholanzi na kujitolea vyeti zaidi ya 500, kikiwamo kimoja chenye jina la Google kilichotumika dhidi ya watumiaji wa Irani. Vivinjari viliifuta DigiNotar katika orodha, nayo ikafilisika mwezi Septemba mwaka huo huo. "Mtoa vyeti" ni neno la kawaida, halina fahari, nalo lasema kweli.

Kuhusu "Muunganisho wako si wa faragha" hapana haja ya maneno mengi. Muunganisho, kwa mtumiaji wa kawaida, ni habari ya mtandao kushika au kutoshika. Na kiwakilishi "wako" humtupia yeye lawama. Yamkini mtu aliye katika mabonde ya chini ya milima, ambako mawimbi ya simu hupatikana kwa shida, akisoma hivyo atapanda kilimani kutafuta mtandao bora. Na "faragha" ni mahali pa watu wawili pembeni, au chumba cha ndani. Kumwambia mtu kwamba hayuko faragha ni kumwambia anachunguliwa. Lililotokea hasa ni jingine: aliyeko upande wa pili amedai jina, na hakuweza kulithibitisha. Kiswahili kina maneno ya kulisema hilo bila shida, kwa kuwa kila mwenye nyumba aliyebishiwa hodi usiku hulisema: "Ni nani?" Kama jibu halitoshi, mlango haufunguliwi, na hakuna aliyehitaji kutaja faragha.

Tarehe nayo ina vituko vyake. Simu iliyoishiwa chaji kabisa au kutolewa betri, ikiwa ni ya namna duni, huweza kuamka ikidhani ni mwaka wa nyuma. Vyeti vya tovuti zote basi huonekana kuwa havijaanza kufanya kazi, na mwenye simu huonywa juu ya dunia nzima kwa kosa la saa yake. Vivinjari vya sasa hujaribu kulitambua jambo hilo na kumwambia arekebishe saa. Hapo mfasiri apaswa kukumbuka kwamba saa ya Kiswahili huhesabiwa toka macheo, na kwamba mtu aweza kuirekebisha simu kwa saa hiyo kwa nia njema, akakosea kwa saa sita. Kwa cheti cha mwaka mzima kosa hilo halikuwa kitu, isipokuwa siku ya kwanza na ya mwisho. Lakini toka Septemba 2020 vyeti havikuruhusiwa kupita siku 398, na Aprili 2025 ilipitishwa kwamba muda upunguzwe kwa hatua mpaka siku 47 ifikapo 2029. Siku za kwanza na za mwisho zitakuwa nyingi.

Watetezi wa maonyo ya sasa hutaja kwamba watu huyatii. Uchunguzi uliochapishwa 2013, uliotazama maonyo zaidi ya milioni 25 ya vivinjari vya Chrome na Firefox, ulionyesha kwamba watumiaji wa Chrome waliyapuuza maonyo ya vyeti mara 70 katika 100, na wale wa Firefox mara 33. Tofauti hiyo ilitokana kwa sehemu na umbo la maonyo yenyewe. Google ikaubuni upya ukurasa wake, na matokeo yaliyochapishwa 2015 yakaonyesha kwamba watu wengi zaidi walirudi nyuma, ila kufahamu kwao hakukuongezeka kama ilivyotarajiwa. Walitii rangi na ukubwa wa kitufe. Kwa mhandisi huo ni ushindi wa nusu, na nusu si haba. Kwa mwenye kuhakiki lugha ni kushindwa, kwa sababu mtu aliyetii bila kuelewa hatatambua siku kitufe kitakapomwelekeza vibaya. Na kwa Kiswahili hata hiyo nusu haikupimwa kwa maneno ya Kiswahili.

Marekebisho yanayotakiwa si makubwa. "Salama" iondolewe, iwekwe "jina limethibitishwa". "Si salama" iwe "njia haina ulinzi". Ukurasa wa onyo useme: "Tovuti hii yajiita kwa jina fulani, lakini haikulithibitisha." Cheti kibaki cheti, kwa kuwa neno limekwisha enea, lakini kisitajwe pasipo kusemwa ni cheti cha nini: "cheti cha anwani". Nyongeza hiyo moja hukitoa sandukuni mwa vyeti vya shule na kukirudisha mkononi mwa mjumbe.

Msomaji mwenye subira akibonyeza alama iliyo karibu na anwani, kisha habari za njia, kisha cheti chenyewe, hufika kwenye jedwali la majina. Huko, kwa tovuti nyingi, mstari wa anwani umejazwa. Na katika mstari wa chini yake, palipowekwa nafasi ya jina la shirika lenye tovuti, Chrome kwenye kompyuta huandika kwamba jambo hilo si sehemu ya cheti. Maneno hayo yafaa kupandishwa juu, katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi zinazosomeka.